Njaa Ilipokuwa na Miiko

"Mwenye njaa hana miiko." Katika juma lililofuata uporaji wa tarehe 15 Februari 2025, methali hii ilizunguka Bukavu nzima. Niliisikia kwa padri baada ya misa, kwa mwenye duka aliyekuwa akifagia vioo mbele ya mlango wake, kwa motari aliyenipakia, na kwa jirani ambaye kijana wake alirudi nyumbani na gunia la unga. Wote waliitumia kufunga mazungumzo, kana kwamba imekwisha kueleza kila kitu. Mimi naikataa. Nilizaliwa katika komini ya Ibanda, nikasomea Ibanda, na sasa nafundisha Ibanda. Nimeuona mji huu ukilala na njaa kali kuliko ile ya Februari 2025, na bado ukashika miiko yake. Kwa hiyo sishangai kwamba watu wenye njaa walivunja milango. Ninachotaka kujua ni lini miiko ilianza kulegea, na nani aliilegeza.

Kwanza mtu autazame mji wenyewe. Bukavu, mashariki mwa Kongo, imekaa kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, na ardhi yake inaingia majini kwa rasi tano. Wabelgiji, walioupa mji jina la Costermansville mwaka 1927, walijichukulia rasi hizo na miteremko inayotazama ziwa. Kadutu na Bagira waliziweka kwa makarani, vibarua na wapishi wao Waafrika. Ibanda ikawa mji wa wazungu: majumba yenye roshani za mviringo, bustani za maua, ofisi, benki, barabara za lami. Uhuru wa mwaka 1960 uliwaondoa wenye nyumba, lakini ramani waliyoichora ilibaki. Hadi mwanzo wa 2025 La Botte, Muhumba na Nguba ndiko walikokaa wakubwa wa serikali, wafanyabiashara wa dhahabu na watumishi wa mashirika ya kimataifa, na kodi za nyumba zilihesabiwa kwa dola.

Lakini Ibanda hiyohiyo ina Panzi. Mimi ni mtoto wa Panzi. Wageni wanaijua kwa sababu ya hospitali ya Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Sisi tunaijua kwa udongo wake mwekundu, kwa nyumba za mbao zilizobanana mpaka jirani anasikia ukikohoa, na kwa mvua zinazochimba mitaro katikati ya njia na wakati mwingine kuondoka na nyumba. Vita vilipozidi vijijini, watu wa Bunyakiri, Walungu, Mwenga na Shabunda walikimbilia huku, wakajenga pale palipobaki, hata kwenye mteremko ambao hakuna mpima ardhi angeukubali. Ili kufika shuleni nilitoka Panzi kwa miguu, nikapita Essence, nikafika Nyawera, kisha nikashika avenue Lumumba. Katika mwendo huo mmoja mtoto alitoka kwenye nyumba isiyo na bomba, akapita nje ya kuta ambazo nyuma yake majani yalimwagiliwa maji. Hakuna aliyehitaji kunifundisha kwamba watu wa komini moja hawaishi maisha mamoja. Macho yalitosha.

Umeme ulifundisha jambo hilohilo usiku. Mto Ruzizi unatoka ziwani palepale mjini kwetu, na bwawa la Ruzizi I lilijengwa kabla ya uhuru. Ruzizi II, lililofunguliwa mwaka 1989, linagawia umeme Kongo, Rwanda na Burundi. Utotoni tulikaa juu ya kilima Panzi, tukitazama taa za Cyangugu, Rwanda, ng'ambo ya mto na taa za La Botte upande wa ziwa, huku sisi tukisomea kibatari. Mtu anayekaa mbali na utajiri anaweza kuusahau. Anayeutazama kila usiku kutoka gizani hausahau hata siku moja.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu tofauti hizi hazikuanza mwaka 2025. Zilikuwapo nilipokuwa mdogo, na zilikuwapo mwaka 2000. Kama pengo kati ya tajiri na maskini lingetosha peke yake kuvunja milango, Bukavu ingekuwa imeporwa kila mwaka.

Mwaka 2000 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Mji ulikuwa chini ya RCD, kundi la waasi lililoanza vita Agosti 1998 likiungwa mkono na Rwanda. Wafanyakazi wa serikali hawakulipwa. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikwenda ofisini asubuhi na nguo iliyopigwa pasi, akarudi jioni bila kitu. Mama aliuza samaki wadogo wa sambaza Nyawera, na mtaji wake ulikuwa beseni moja. Tulikula mara moja kwa siku, bugali na sombe isiyo na mafuta, na kuna siku hata hiyo mara moja haikupatikana.

Ndipo, mwishoni mwa Januari, vikaratasi vikaanza kupita. Radio Maendeleo, redio ambayo mji mzima uliiamini, ilikuwa imefungwa na wakubwa wa RCD tangu Julai 1999, kwa hiyo habari zilipita mkononi na mdomoni: sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Jumuiya ya kiraia iliomba ville morte. Duka lisifunguliwe, gari lisitembee, mwanafunzi asiende shule, mama asiende sokoni. Kwa watu wanaokula walichokiuza siku ileile, kufunga soko ni kufunga chungu.

Mji ulifunga. Nakumbuka avenue Lumumba ikiwa tupu kabisa wakati wa saa sita mchana. Askari walizunguka wakigonga milango ya maduka na kuamuru wenyewe wafungue. Wengine walifungua nusu mlango na hakuna mteja aliyeingia. Karibu na kwetu palikuwa na mfanyabiashara aliyeweka mifuko ya unga kwenye kibanda cha mbao, mlango wake ukiwa umefungwa kwa kufuli ambalo mtoto angeweza kulivunja kwa jiwe. Yeye mwenyewe alikuwa amekimbilia kwa ndugu zake akiwaogopa askari. Siku zilivyosonga tulianza kukitazama kibanda kile. Kaka yangu akasema kwa sauti jambo ambalo wote tulilifikiri. Mama hakupandisha sauti. Alisema tu: "Hata tulale na njaa, kitu ya mutu hatugusake. Sasa tukiiba, tutakuwa tunafungia nini?"

Unga ule ulibaki salama mpaka mwenyewe aliporudi.

Nimelifikiria jibu la mama kwa miaka mingi, kwa sababu halikutoka kwa mtu aliyeshiba. Lilikuwa na maana kwake kwa kuwa alijua mambo matatu. Alijua njaa ile ilikuwa kwa ajili ya nini. Alijua ni nani aliyeiomba. Na alijua kwamba walioiomba nao walikuwa hawali. Emmanuel Kataliko, Askofu Mkuu wa Bukavu, alikuwa ameandika ujumbe wa Noeli ya 1999 akikemea vita na uporaji wa mali ya nchi, akiwataja wageni na Wakongomani wanaowasaidia. Alilipa gharama ya maneno yake. Tarehe 12 Februari 2000 alizuiwa kurudi Bukavu, akapelekwa uhamishoni Butembo, alikokuwa askofu kabla ya kuletwa kwetu. Aliruhusiwa kurudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba akafariki Roma. Kabla yake, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996, mita chache kutoka mahali mama alipoweka beseni lake. Watu hao hawakutuambia tuvumilie huku wao wakiwa wameficha familia zao Ulaya. Walibaki nasi, na mji uliwaona wakibaki.

Miaka minne baadaye niliona ufa wa kwanza. Mwisho wa Mei 2004 mapigano yalizuka mjini, na tarehe 2 Juni askari walioasi, wa Jules Mutebutsi na Laurent Nkunda, wakauteka. Kulikuwa na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUC, na magari yao meupe tuliyajua kwa namba. Wanawake walibakwa, nyumba ziliporwa, na magari yale yalibaki kambini. Katika miji mingi ya nchi, Kinshasa ikiwemo, vijana walivamia majengo na magari ya MONUC. Sisi huku tulijifunza kwamba neno "ulinzi" linaweza kuandikwa ubavuni mwa gari bila mtu yeyote kulindwa. Waasi waliondoka baada ya siku chache. Somo lilibaki.

Hata hivyo imani ya Bukavu ilikuwa na mizizi mirefu. Tarehe 30 Julai 2006 tulipanga foleni alfajiri kupiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960. Baba alivaa suti ya arusi yake. Jimbo letu la Kivu Kusini lilimpigia Rais Joseph Kabila kura kwa wingi mkubwa ajabu, kwa sababu tuliamini anamaliza vita. Katiba mpya ya mwaka huo ilisema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa katika jimbo yabaki katika jimbo. Nilikuwa ninaanza kazi ya ualimu, na niliwasomesha wanafunzi wangu kifungu hicho, cha 175, nikiwaambia wahesabu barabara ngapi zitapatikana. Dhahabu ya Kamituga, Misisi na Shabunda ilipita mjini kwetu kila wiki. Ilikuwa hesabu ya kufurahisha.

Asilimia 40 haikufika. Magavana walibadilika, mabango yalibadilika, kifungu kilibaki kwenye kitabu. Januari 2015, bungeni Kinshasa uliletwa muswada wa sheria ya uchaguzi ambao ungemwongezea rais muda kwa kisingizio cha kuhesabu watu kwanza. Wanafunzi wa vyuo walimiminika barabarani Kinshasa, Goma na hapa Bukavu. Makumi ya watu waliuawa Kinshasa. Kifungu cha kuhesabu watu kikaondolewa. Wanafunzi wangu wa zamani walirudi kwangu macho yakiwa mekundu kwa moshi wa mabomu ya machozi, wakiwa na furaha ya watu waliosikilizwa. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuiona furaha ile. Muda wa rais ulikwisha Desemba 2016 na uchaguzi haukufanyika. Ulipofanyika, tarehe 30 Desemba 2018, maaskofu waliokuwa na waangalizi nchi nzima walisema kwamba matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale waliyoyakusanya. Nchi ikaendelea na matokeo yaliyotangazwa. Kijana aliyepanga foleni tangu alfajiri alihitimisha mwenyewe.

Kuvunjika moyo huja pia kwa vitu vidogo, na pengine hivyo ndivyo vinavyouma zaidi kwa sababu mtu anavigusa kila siku. Septemba 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wakiwalipa walimu kwa ile tuliyoiita "prime", kwa hiyo tangazo lilikuwa zuri na la haki. Lakini prime iliondolewa kabla mshahara wa kuiziba haujafika. Walimu wa Bukavu waligoma, watoto wakarudishwa nyumbani, na madarasa yaliyofunguliwa yakajaa mpaka wanafunzi wakakaa chini. Mwaka 2020 ikaja kodi ya simu iliyoitwa RAM. Ilikata vitengo, yaani salio, moja kwa moja kutoka kwenye simu, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu yenye intaneti. Mama anayeuza ndizi Panzi aliweka vitengo vya kumpigia mteja wake, akakuta vimeliwa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2022 baada ya kelele nyingi, na waliokatwa hawakurudishiwa. Kwa wakubwa lilikuwa jambo dogo. Kwetu ilikuwa mara ya kwanza serikali kumfikia kila mtu mfukoni, na ilifika kuchukua.

Wakati huohuo, Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2024 kwamba zaidi ya Wakongomani 7 kati ya 10 waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku, huku mbunge akilipwa maelfu ya dola kwa mwezi. Kwenye barabara ya Nyawera motari anayehesabu franka za kununua lita moja ya esansi anapishana na jipu jipya lenye vioo vyeusi. Motari huyo haulizi tena kwa nini yeye ni maskini. Anauliza kwa nini aendelee kufuata sheria ambazo jipu lile halizifuati.

Hivyo ndivyo tulivyofika Februari 2025. Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari. Ijumaa tarehe 14 uwanja wa ndege wa Kavumu ukachukuliwa na M23, na jioni ileile askari wa serikali walianza kupita mjini wakielekea Uvira. Gereza kuu likabaki wazi na wafungwa wakatoka. Benki zilikuwa zimefungwa. Wakubwa walikuwa wameondoka, baadhi yao bila hata kutuaga kwa redio. Usiku ule hakuna aliyelala Panzi. Jumamosi asubuhi mji haukuwa na mwenyewe.

Milio ya kwanza ya milango kuvunjwa niliisikia kutoka upande wa katikati ya mji. Niliteremka hadi Nyawera kwa sababu mdogo wangu ana kibanda pale. Njiani nilikutana na mji ukipanda: vijana wenye magodoro kichwani, wanawake wenye ndoo za mafuta, watoto waliobeba viti vya plastiki, maibobo, watoto wa mitaani, waliovaa viatu vipya visivyolingana. Risasi zilikuwa zikilia na watu walikuwa wanainama na kuendelea kutembea. Maghala ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yalimalizwa siku hiyo. Shirika lenyewe lilisema karibu tani 7,000 za chakula zilichukuliwa. Kiwanda cha bia cha Bralima kiliporwa. Maduka ya katikati ya mji yaliachwa na rafu tupu, na mengine rafu zenyewe ziliondoka.

Niliwajua wengi wa waliopita. Hilo ndilo lililoniumiza. Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu, mwenye shahada ya uchumi, aliyezunguka miaka mingi na bahasha ya vyeti chini ya kwapa. Alikuwa amebeba katoni ya mafuta ya kupikia. Aliponiona hakukwepa. "Basoda balianza, mwalimu, sisi tulifwata tu," alisema, akimaanisha askari. Kisha akaongeza, bila hasira: "Bakubwa balishakula. Leo ni zamu yetu."

Sikumkuta mtu hata mmoja aliyesema "nina njaa". Nilisikia "zamu yetu", nilisikia "hata sisi", nilisikia "nisipochukua mimi, mwingine atachukua". Hizo ni kauli za watu waliofanya hesabu. Walikuwa wamehesabu kwamba chakula kile hakitawafikia kwa njia ya halali, kwamba hakuna atakayeulizwa, na kwamba anayesubiri ndiye hukosa. Miaka ishirini na zaidi ya kutazama wakubwa iliwafundisha hesabu hiyo.

Sitaki kuupamba uporaji. Mwenye jipu jeusi hakupoteza kitu. Alikuwa ameshavuka mpaka. Waliopoteza ni mdogo wangu, ambaye kibanda chake kilibaki na nguzo tu, na akina mama wa Nyawera waliokuwa wamechukua bidhaa kwa mkopo. Chakula cha maghala yale kilikuwa cha watu waliokimbia vita, wenye njaa kuliko sisi. Kwa siku chache unga uliuzwa kwa bei ya kutupa, kisha ukaisha, na bei ikapanda kupita ilivyokuwa. Fujo za mjini huanza kwa hasira dhidi ya aliye juu na humwangukia aliye jirani, kwa sababu jirani ndiye anayefikika.

Lakini kusema kwamba watu wa Bukavu wameharibika ni uongo, na ushahidi ninao. Jumanne iliyofuata, muso wa mtaa wetu ulikutana. Muso ni chama cha akiba cha majirani, na mjini kwetu viko kila pembe. Sanduku la kwetu lina kufuli tatu na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Linafunguliwa mbele ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, na kila mtu anaona jina lake likiandikwa. Kwenye mkutano ule walikuwepo watu niliowaona Jumamosi wakipanda na magunia. Walileta michango yao, kamili. Hakuna franka iliyopotea kwenye sanduku wakati wa wiki ile, ingawa mji mzima ulijua nyumba linamokaa na mlango wake ni wa mbao.

Mtu yuleyule, wiki ileile, njaa ileile. Ghala alilivunja, sanduku hakuligusa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini unga wa yule jirani ulibaki salama mwaka 2000. Miiko haikai tumboni. Inakaa kati ya watu, na inadumu pale mtu anapoona kwamba sheria inawabana wote, kwamba hesabu inafanyika hadharani, na kwamba zamu yake itafika kweli.

Historia ya nchi yetu inasema hivyohivyo kwa anayetaka kusikia. Tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville, Kinshasa ya leo, iliwaka moto baada ya mkutano wa chama cha ABAKO kukatazwa. Wakoloni waliwaita walioandamana wahuni wasio na kazi. Mwaka na nusu baadaye nchi ilikuwa huru, na leo tarehe hiyo ni sikukuu ya mashahidi wa uhuru. Septemba 1991 uporaji wa Kinshasa ulianzishwa na askari wasiolipwa, wananchi wakafuata, kama tulivyofuata sisi. Wenzetu wa Nairobi nao wameiona njia hii. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia bungeni kupinga muswada wa fedha. Walikuja na maji, bendera na simu, na kesho yake rais akaurudisha muswada. Kisha ikaja miezi ya vijana kutekwa. Mwaka mmoja baadaye, siku ya kumbukumbu, maduka ya watu wa kawaida katikati ya mji yaliporwa. Na Marekani, baada ya fujo za mwaka 1967, tume iliyoongozwa na Otto Kerner ilikuta kwamba mfanya fujo wa kawaida hakuwa maskini kuliko wote wala mjinga kuliko wote. Mara nyingi alikuwa amesoma zaidi ya jirani aliyebaki nyumbani, na alikuwa ameacha kabisa kuuamini utawala. Niliposoma hayo nilimkumbuka mwanafunzi wangu na katoni yake.

Kutokana na yote niliyoyaona, nasema hivi. Pengo kati ya La Botte na Panzi ni dhuluma, na lazima lipunguzwe kwa sababu ni dhuluma, hata kama hakuna anayetupa jiwe. Lakini siku ya fujo huamuliwa na jambo la pili: watu kuona kwamba njia zote za halali zimejaribiwa na hazifiki popote. Tuliandika barua, tulifunga maduka, tulipiga kura, tuliandamana, tulingoja. Kila njia iliyozibwa iliwaondoa watu wachache kwenye foleni ya wanaongoja. Anayetaka kuzuia uporaji unaofuata asihesabu polisi. Ahesabu ni watu wangapi bado wanangoja kwa hiari.

Kwa yeyote anayeutawala mji huu, leo au kesho, kazi ya kuanzia haihitaji mabilioni. Mlipe mwalimu na askari tarehe ileile kila mwezi, hata kama ni kidogo. Bandikeni ukutani mwa ofisi ya komini kile kilichokusanywa sokoni Nyawera na kile kilichofanywa nacho, kwa Kiswahili na kwa namba kubwa. Msitangaze kinachopendeza kabla ya kuwa nacho mkononi. Na hatari ikija, kaeni nasi. Kwa sisi wa shule, makanisa na vyama vya kiraia, ambao mwaka 2000 mji ulifunga chungu kwa neno letu, kazi ni kustahili tena neno hilo: tuonyeshe hesabu zetu kwanza kabla ya kudai za wengine, na tukatae posho zinazotufanya tuishi tofauti na tunaowasemea.

Muso wa mtaa wetu umewakopesha bila faida wanachama waliopoteza bidhaa, mdogo wangu mmoja wao, na wengi wameanza kurudisha. Kila Jumanne nawatazama wakihesabu, na nasadiki kwamba mji huu unajua vizuri jinsi ya kuishi kwa haki. Watu wake wanaomba tu watawaliwe kama wanavyojitawala wenyewe.